Mtungi wa propani umetoka kujazwa tu, umepuliza gesi ndani ya gari. Tatizo ni nini?

#1 Kisima_Kirefu
Wakuu habari. Jana nilipeleka mtungi wangu wa propani wa kilo 9 kujazwa. Jamaa hakuuweka kwenye mizani, aliunganisha mpira, akasubiri, akasema tayari. Nikaulaza kwenye buti ya gari, nikafunga, nikaenda kwenye shughuli zangu kwa muda wa saa mbili hivi. Gari lilikuwa juani. Narudi, sijafika hata karibu, nasikia fssssss kama tairi linalotolewa upepo, na harufu kali ajabu. Nikafungua milango yote, sikugusa swichi ya kuwasha gari, nikakaa mbali. Baada ya dakika chache mlio ukakata wenyewe. Nilipousogelea nikakuta valvu imepata barafu nyeupe upande mmoja, na kapeti chini yake limekuwa gumu kama ubao.

Leo asubuhi nimeupima kwa mizani ya nyumbani, napanda nao halafu napanda bila. Nimepata kilo 17.6. Kwenye kola, ile pete ya chuma ya juu, umegongwa TW 7.8 na WC 21.6, zote kilo. Sasa hivi uko nje kivulini. Ulijazwa kupita kiasi au valvu imekufa? Na naweza kuutumia?

#2 Mzani
Mkuu, namba ulizotoa zinajibu swali. TW ni uzito wa mtungi mtupu, WC ni uzito wa maji yanayoujaza mpaka mdomoni. Propani hujazwa asilimia 42 ya WC kwa uzito. 21.6 mara 0.42 ni kilo 9.07. Wewe una 17.6 toa 7.8, yaani kilo 9.8. Umezidi kwa gramu 700 na zaidi, na hapo umeshapuliza! Jana ulikuwa na nyingi kuliko hizo.

Kwa nini ni hatari: lita moja ya propani ikiwa kimiminika kwenye nyuzi 15 ina kilo 0.51 hivi, kwa hiyo kilo 9.8 ni lita 19.3, asilimia 89 ya mtungi. Ikifika nyuzi 50 kilo hizohizo zinataka lita 21.8. Mtungi una 21.6. Kimiminika hakishindiliki, kikikosa nafasi kinasukuma chuma. Ndiyo maana karibu asilimia 20 ya juu ya mtungi huachwa wazi kwa ajili ya kutanuka. Valvu ya usalama, ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi, imefanya kazi iliyowekewa. Kwangu hapo hakuna fumbo.

#3 FundiValvu
Usifunge mjadala haraka hivyo. Mleta uzi, kirungu cha kufungulia mtungi wako ni cha duara au kina pembe tatu?

#4 Kisima_Kirefu
Pembe tatu. Na regulata inafungwa kwa nati kubwa ya plastiki, kwa mkono, bila spana.

#5 FundiValvu
Basi una kizuizi cha kujaza kupita kiasi. Ndani kuna boya kama la tangi la choo. Gesi ikifika asilimia 80 boya linanyanyuka na kufunga njia. Marekani waliyalazimisha kwa mitungi mipya midogo mwaka 1998, na kuanzia 2002 mtungi usio nalo hauruhusiwi kujazwa. Mzani atueleze hizo kilo 9.8 zilipitaje. Mimi nadhani springi ya valvu ya usalama imechoka na inafunguka mapema. Halafu mizani ya kupanda na kushuka nayo huwezi kuiapia, nusu kilo inapotea hapo kirahisi sana.

#6 Chuma_Chakavu
Nimejaza mitungi miaka mingi, naomba nichangie. FundiValvu kuhusu boya uko sahihi kwa maelezo, ila unaliamini mno. Boya hukwama. Kutu kidogo, mtungi ulianguka kikashikana kijiti chake, au mtu anajaza mtungi ukiwa umeinama, basi boya linasoma uongo. Hilo boya liliwekwa liwe ngao ya pili. Ngao ya kwanza ni mjazaji mwenyewe.

Angalia ubavuni mwa valvu, kuna skrubu ndogo ya bapa. Hiyo ndiyo skrubu ya kupumulia. Ndani yake kuna kijibomba kinachoshuka mpaka usawa wa asilimia 80. Unapojaza unailegeza kidogo, inatoa mvuke usioonekana, inalia tsss nyembamba. Kimiminika kikifika kwenye mdomo wa kijibomba mlio unabadilika, unakuwa mzito, na kunatoka ukungu mweupe unaotema matone. Hapo unafunga koki palepale, husubiri hata sekunde. Ama unafuata mizani, ama unafuata huo ukungu. Kisima, uliona ukungu mweupe jana?

#7 Kisima_Kirefu
Hapana. Hakugusa skrubu yoyote. Nilisimama hatua tano hivi, ningeuona.

#8 Chuma_Chakavu
Basi alijaza kwa kukisia, akaliachia boya kila kitu.

#9 Tulizana
Mbona mnazunguka, ni jua tu. Gari lililofungwa juani ni tanuri. Mtungi wowote ungepuliza.

#10 Nahodha_Mstaafu
Tulizana, hapana. Presha ya propani inafuata joto, haijali mtungi umejaa au una robo, ilimradi kuna kimiminika na kuna nafasi juu yake. Nyuzi 20 ni kama bar 7 na nusu kwenye geji. Nyuzi 50 ni kama 16. Valvu za usalama za mitungi ya aina hii hufunguka karibu bar 26. Ili propani iliyojazwa sawasawa ifike huko, gesi yenyewe lazima ifike nyuzi 70 hivi. Buti ya gari haipashi kilo 9 za kimiminika mpaka 70 kwa saa mbili. Joto limechangia, sikatai, ila joto peke yake halitoshi.

#11 Tulizana
Nimekusoma mzee. Ila hata hivyo asiweke mtungi kwenye gari juani.

#12 Nahodha_Mstaafu
Hapo tuko pamoja kabisa.

#13 BintiUpepo
Kuna jambo hamjaligusa: hewa. Kisima, gesi ilipokwisha mara ya mwisho ulifunga koki ya mtungi, au uliiacha wazi imeunganishwa na jiko?

#14 Kisima_Kirefu
Niliiacha wazi dada. Wiki mbili au tatu hivi. Ulikuwa mtupu, nikaona hakuna cha kufunga.

#15 BintiUpepo
Ndiyo hapo. Mtungi mtupu ulio wazi unapumua. Mchana unapata joto unatoa, usiku unapoa unavuta hewa ndani. Ukija kujazwa juu ya hiyo hewa, hewa haigeuki kimiminika kama propani, inabanwa pale juu. Tuseme mtungi wote ulikuwa na hewa ya kawaida, lita 21.6. Ukijaza mpaka asilimia 80 zimebaki lita 4.3 tu, hewa ile imebanwa mara 5, unaongeza bar 5 hivi juu ya presha ya propani. Ukijaza mpaka asilimia 89 imebanwa mara 9. Kimiminika kikitanuka kwa joto kinaendelea kuibana. Kwa hiyo hata hesabu ya Nahodha ya nyuzi 70 inashuka sana.

Ndiyo maana mtungi mpya, au uliofunguliwa valvu, hutolewa hewa kwanza kabla ya kujazwa. Kuna wanaovuta kwa pampu, kuna wanaoingiza mvuke wa propani na kuutoa mara kadhaa. Ni mvuke, si kimiminika.

#16 FundiValvu
Hoja nzuri, ila umechukulia mtungi wote ni hewa. Mtungi "uliokwisha" hubaki umejaa mvuke wa propani, hewa inayoingia kwa kupumua ni kidogo. Na akiwa ameunganisha regulata, hewa inapita kwa shida.

#17 BintiUpepo
Wiki tatu ni usiku na mchana 21. Kidogo kidogo. Sisemi ndiyo sababu pekee, nasema imo.

#18 Baridi_Kali
Mimi niko sehemu za baridi, huku tunajua tofauti ya propani na butani kwa maumivu. Butani inachemka karibu na sifuri, kasoro nusu nyuzi. Propani inachemka kwenye hasi 42. Asubuhi ya baridi mtungi wa butani umekaa mzito, umejaa, na moto hauwaki.

Swali langu: Kisima, una uhakika ulijaziwa propani tupu? Sehemu nyingi za dunia gesi ya majumbani ni mchanganyiko. Butani ni nzito kuliko propani, kwa hiyo kilo 9.8 za mchanganyiko wa nusu kwa nusu zinachukua lita chache. Nimepiga hesabu, hata kwenye nyuzi 50 unabaki kama asilimia 92, hakujajaa mpaka chuma. Na presha yake ni ndogo kuliko ya propani tupu. Hesabu ya Mzani inasimama ikiwa ni propani tu.

#19 Mzani
Kichwa cha uzi kinasema propani.

#20 Baridi_Kali
Kichwa cha uzi kimeandikwa na aliyejaziwa. Aliyejaza hajaandika.

#21 Kisima_Kirefu
Mtungi umeandikwa propani. Kilichoingia jana siwezi kuapa.

#22 FundiValvu
Na kama ni mchanganyiko, presha iko chini, mtungi haujajaa, basi kilichofungua ni springi. Naendelea kusubiri mtu aniondoe hapo.

#23 Jirani_Mwema
Samahani naingilia. Kwani lazima iwe valvu ya usalama? Huenda jamaa hakufunga koki vizuri tu.

#24 Chuma_Chakavu
Kwa mtungi wa zamani ningekubali. Hiyo ya nati ya plastiki ina mlango wa springi mdomoni, hata ukifungua koki gesi haitoki mpaka kitu kiunganishwe. Labda mlango huo uwe na uchafu. Barafu ilikaa upande gani, mdomoni au upande wa pili?

#25 Kisima_Kirefu
Upande wa pili, kwenye tundu lenye kofia ndogo. Kofia yenyewe nimeikuta imeruka, iko chini ya kiti cha nyuma.

#26 Chuma_Chakavu
Basi ni valvu ya usalama, tumeondoa moja. Kwa mitungi mingine yote, mkishafungua na kufunga pakeni povu la sabuni kwenye kila maungio. Povu likikua hata kwa uvivu, kuna uvujaji. Si kibiriti, nawaomba.

#27 Nahodha_Mstaafu
Kisima, nikuambie kitu kwa upendo. Uliulaza. Valvu ya usalama imewekwa juu ili itoe mvuke. Ukiulaza mtungi, valvu inazama kwenye kimiminika, ikifunguka inatema kimiminika. Lita moja ya propani ya kimiminika inageuka karibu lita 270 za mvuke. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara moja na nusu, haupandi ukaondoka, unakaa sakafuni mwa gari, chini ya viti. Unahitaji kufika asilimia 2 tu ya hewa ili uwake. Lile kapeti lililoganda ni kimiminika kililigusa.

Pili, hukuwasha gari, vizuri sana. Lakini ulipofungua milango, taa ya ndani iliwaka?

#28 Kisima_Kirefu
Sikuwaza. Nadhani iliwaka, na nilifungua kwa rimoti kwanza.

#29 Nahodha_Mstaafu
Mshukuru Mungu. Siku nyingine ukisikia huo mlio ndani ya kitu kilichofungwa, ondoka ukielekea upande upepo unakotoka, zuia watu, piga simu zimamoto ukiwa mbali. Mtungi usafiri umesimama, umefungwa usianguke, madirisha wazi, na uende moja kwa moja nyumbani.

#30 Ngarawa
Wakuu nami nina swali la jirani na hili. Nataka kujaza vile vichupa vidogo vya kambi kutoka mtungi mkubwa. Nimeona video, unagandisha kichupa kwenye friza, unageuza mtungi mkubwa miguu juu, unaunganisha adapta, unafungua dakika moja. Kuna shida?

#31 Mzani
Ngarawa umesoma uzi kweli? Mtu kajaziwa bila mizani na anayefanya kazi hiyo kila siku, angalia kilichotokea.

#32 Baridi_Kali
Acha nimweleze sababu. Friza hupunguza presha ya kichupa, kwa hiyo kimiminika hukimbilia huko. Hiyo ni kweli. Lakini kichupa cha baridi kinameza kingi kuliko kinachotakiwa, halafu kinarudi kwenye joto la kawaida kikiwa kimejaa. Hakina boya wala skrubu ya kupumulia. Na vile vya kutupwa vimetengenezwa kwa matumizi ya mara moja, valvu yake ikishafunguliwa na adapta huenda isirudi kukaa. Marekani kusafirisha kichupa cha kutupwa kilichojazwa tena ni kosa la sheria ya shirikisho, na onyo limeandikwa kwenye kichupa chenyewe.

Mimi nilifanya. Sijivunii. Adapta ilikuwa haijakaza vizuri, nikageuza mkono kuikaza huku gesi inapita. Kimiminika kikaingia kati ya glavu ya kitambaa na kiganja. Haikuuma mwanzoni, ilikuwa kama mtu kanibana kwa koleo la chuma baridi. Glavu iliganda na kushika ngozi. Nilipoivua ilitoka na kipande cheupe, na kidole cha shahada mpaka leo hakina hisia nchani.

#33 Ngarawa
Pole sana mkuu. Nimeelewa. Kuna vichupa vilivyotengenezwa kujazwa tena?

#34 Baridi_Kali
Vipo, vina valvu ya usalama na skrubu ya kiwango. Nunua hivyo, na bado tumia mizani.

#35 Pua_Kali
Mimi nawaambia ukweli, sijawahi kuhitaji povu wala mizani. Pua inatosha. Gesi ikivuja nanusa.

#36 BintiUpepo
Ndugu yangu, propani haina harufu. Unachonusa ni kemikali ya salfa, ethili merikaptani, wanayoichanganya makusudi. Somo hilo lilipatikana kwa damu: tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London huko Texas ililipuka kwa gesi asilia isiyo na harufu iliyokuwa imekusanyika chini ya sakafu. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo ndipo sheria za kutia harufu zikaanza.

Na harufu hiyo hupotea. Mtungi mpya, au wenye kutu ndani, chuma kinaimeza. Pua nayo huzoea, ukikaa nayo dakika kadhaa hunusi tena. Mama yangu alipoteza uwezo wa kunusa baada ya kuugua, alikaa na jiko linalovuja siku nzima hajui. Nilipoingia mlangoni tu nikarudi nyuma. Tafadhali usiitegemee pua.

#37 Pua_Kali
Nimekubali, dada. Nitabadili jina langu humu.

#38 Chuma_Chakavu
Usibadili, tumekuzoea hivyo.

Turudi kwa Kisima. Usiutumie. Usiuingize ndani. Uache umesimama kivulini, mbali na mlango, dirisha, mfereji na kitu chochote cha moto. Mwite mtu wa kazi aje auchukue au autoe ziada hapohapo.

#39 Jirani_Mwema
Kwani asiunganishe tu jiko nje, achome hiyo gramu 700 ipungue?

#40 Mzani
Ukiwa umesimama, kwenye asilimia 89 juu bado kuna mvuke, kwa hiyo regulata ingepata mvuke. Kinadharia inawezekana.

#41 FundiValvu
Kinadharia. Valvu iliyokwishafunguka mara moja huenda haijakaa sawa kwenye kiti chake. Wewe unawasha moto chini yake, ikipuliza tena? Nampinga Mzani hapa waziwazi.

#42 Mzani
Nakubali kupingwa hapo. Valvu iliyopuliza ikaguliwe kwanza. Nafuta.

#43 Chuma_Chakavu
Jingine, Kisima: shaba ya valvu ina rangi gani? Ukiona rangi ya buluu au kijani iliyopauka, kuna mtu aliwahi kuweka amonia humo. Amonia inaila shaba na kuipasua kimyakimya. Mtungi wa hivyo haujazwi, haufunguliwi.

#44 Kisima_Kirefu
Ni njano ya kawaida, imefifia tu. Asanteni wote, nitarudi na majibu.

#45 Kisima_Kirefu
Nimerudi, siku sita baadaye. Walikuja wawili na gari la wazi, wakauchukua ukiwa umesimama. Kwenye mizani yao ulikuwa kilo 17.4, si 17.6. Waliutoa gesi yote, wakafungua valvu nzima na kuweka mpya, kwa sababu tarehe ya ukaguzi kwenye kola nayo ilikuwa imepita. Niliuliza kama boya lilikwama. Mmoja alisema lilikuwa linacheza vizuri mkononi mwake. Mwenzake akasema kijiti kimepinda kidogo. Nikauliza kuhusu springi, wakasema valvu ya zamani imeshatupwa kwenye vyuma chakavu.

#46 FundiValvu
Ah! Hiyo valvu ningeilipia nauli.

#47 Mzani
17.4 bado ni kilo 9.6. Bado imezidi.

#48 Baridi_Kali
Ikiwa ni propani.

#49 BintiUpepo
Safari hii waliutoa hewa kabla ya kujaza?

#50 Kisima_Kirefu
Walivuta kwa pampu, nimeona geji ikishuka. Wakajaza kwenye mizani na skrubu ikiwa wazi, na ukungu mweupe nimeuona kwa macho yangu, Chuma_Chakavu, ni kama ulivyosema, mlio unabadilika kabisa. Umetoka na kilo 16.8. Sasa valvu mpya ni nzito au nyepesi kuliko ya zamani, TW haijabadilika kwenye kola?

#51 Chuma_Chakavu
Swali zuri hilo. Waligonga TW mpya?

#52 Kisima_Kirefu
Sijaangalia. Natoka nje kuangalia.